VPN ninayo, lakini ofisini wameanza kuninusa

Shikamoo shangazi,

Mimi ni mtumishi wa halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa, upande wa manunuzi. Nimeolewa, nina watoto wawili. Ninachokuandikia hapa anakijua mume wangu peke yake, na yeye nimemwambia juzi tu alipoona silali.

Tangu mwaka 2022 nina akaunti ya X isiyo na jina langu wala picha yangu. Nilianza kwa kutaniana na watu wa Simba na Yanga, baadaye nikaanza kudokeza ya kazini. Kuna gari la halmashauri, lenye namba za SM, liko juu ya mawe nyuma ya karakana, matairi hayana, nyasi zimeota hadi mlangoni, lakini kila mwezi linaandikiwa mafuta. Kuna semina ya siku moja iliyolipiwa posho za siku nne. Na huko zahanati za vijijini mama mjamzito anaambiwa aje na glavu na wembe wake. Sijataja jina la mtu hata siku moja. Watu wakapenda, wafuasi wakaongezeka, hadi diwani mmoja akasoma posti yangu kwenye baraza bila kujua kwamba mwandishi amekaa nyuma yake anagawa karatasi ya mahudhurio.

X ilipofungwa nchini Mei 2025, kijana mwenye kibanda cha simu pale stendi aliniwekea VPN ya bure, ile programu ya kupitia njia nyingine hadi kwenye mtandao uliofungwa. Akaniambia, "Dada, ukiona kiufunguo kimetokea hapo juu kwenye kioo, jua hakuna anayekuona tena." Nikamwamini. Wakati wa uchaguzi wa Oktoba intaneti ilipokatwa, VPN nayo haikufua dafu. Iliporudi ikaja ile meseji ya onyo kuhusu kusambaza picha, nikaogopa, nikanyamaza muda mrefu.

Majuzi uzalendo ukanishinda. Nikaposti picha ya stakabadhi ya mafuta ya lile gari, jina la dereva nimelifunika kwa rangi nyeusi. Wiki ileile mkuu wetu wa kitengo akafunga kikao kwa kusema, "Humu ndani kuna mtu ana mdomo mrefu mtandaoni. Tutamjua." Tuko watano katika kitengo. Mwenzangu tunayekaa naye meza moja akacheka, akasema, "Mbona huyo mtu anaandika kama wewe?" Sijui alitania au vipi. Kisha afisa TEHAMA akatangaza kila mtu apeleke simu yake iandikishwe upya ndipo atumie waifai ya ofisi.

Mume wangu anasema nifute kila kitu, hata hiyo VPN, maana faini ni milioni tano au jela, na siku hizi mtu anachukuliwa na wasiojulikana, ndugu hawana hata kituo cha kwenda kumuulizia. Kijana wa stendi anasema VPN ya bure ni mchezo wa watoto, niweke Tor, hapo hata Wamarekani hawanioni. Rafiki yangu mmoja anashauri nijisajili TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, kama mtumiaji wa VPN ili niwe na kinga. Na mdogo wangu wa kike yuko Muscat kwenye kazi za ndani, amejitolea kuiendesha akaunti kutoka huko.

Sitaki kunyamaza moja kwa moja. Ila wanangu bado wadogo. Nifanyeje?

Mama Wawili, Kanda ya Ziwa

*

Marahaba mwanangu.

Wasomaji wajue kwanza kwamba barua hiyo hapo juu siyo ile uliyoniletea. Ile yako ilikuwa na jina la wilaya, shule anayofundisha mume wako, na ilitoka kwenye barua pepe yenye majina yako mawili na mwaka uliozaliwa. Nimebadilisha mambo kadhaa, mengine nimeyaondoa, na yenyewe nimeifuta. Sikusemi kwa ubaya. Nataka tu uone kwamba siku unaniandikia kuhusu kujificha, huenda kiufunguo kilikuwa kinawaka pale juu kama kawaida, na bado ningekufikia hadi mlangoni bila kumuuliza mtu yeyote wa kampuni ya simu.

Shida yako iko hapo. Umetumia miezi ukiwaza nani anaichungulia intaneti yako, wakati mkuu wako wa kitengo hachungulii intaneti ya mtu. Ana karatasi yenye majina matano. Ile stakabadhi ilipita kwa nani? Dereva, mtu wa kituo cha mafuta, mhasibu, aliyeidhinisha, na nyinyi wa manunuzi. Dereva hawezi kujichoma mwenyewe. Mwenye kituo analipwa kwa hiyohiyo stakabadhi. Ukiendelea kutoa mmoja mmoja, unabaki na watu wawili watatu, na mmoja wao tayari kuna mwenzake aliyesema anaandika kama yeye.

Mwaka 2017 huko Marekani kuna dada anaitwa Reality Winner, alikuwa mfanyakazi wa kampuni yenye mkataba na shirika la ujasusi la NSA. Alichapa ripoti ya siri akaituma kwa chombo cha habari. NSA ndiyo hao wanaosifiwa kwamba wanasikia dunia nzima, lakini kumpata hakukuhitaji maajabu yoyote. Nakala iliyooneshwa kwa maofisa ilikuwa na alama ya mkunjo, kwa hiyo walijua ni karatasi iliyochapwa na kubebwa. Wakatazama kumbukumbu za ofisi ni nani walioichapa ripoti hiyo. Watu sita. Kati ya hao sita, kompyuta ya kazini ya mmoja ilikuwa imewahi kuwasiliana kwa barua pepe na chombo kilekile. Mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miaka mitano na miezi mitatu. Sasa wewe rudi kwenye picha yako. Karatasi ina mkunjo? Ina tundu la pini pembeni? Kitambaa kilicho chini yake ni cha meza ya nani? Umeipiga saa ngapi, na umeiposti saa ngapi, siyo ile saa ya chakula cha mchana kama posti zako zote? X yenyewe huondoa taarifa za mahali zilizofichwa ndani ya faili la picha, lakini kitambaa cha meza haikiondoi.

Na ile rangi nyeusi. Simu nyingi zina kalamu ya aina mbili, moja inafunika kabisa na nyingine inapaka wino wa kuangaza maandishi. Hiyo ya pili ukipaka mara mbili tatu inaonekana nyeusi, lakini mtu akiongeza mwanga wa picha, jina linasomeka. Chukua nakala uliyoposti ujaribu mwenyewe leo. Tena usisahau kwamba picha asilia, isiyofunikwa kitu, pengine imeshajipandisha Google Photos bila kukuuliza.

Haya, turudi kwa kijana wa stendi, maana nusu ya mji huu inapata elimu ya usalama kwake. Hakukudanganya kwa makusudi. VPN inafanya kazi moja: kampuni yako ya simu inaona umeunganishwa na seva fulani, saa fulani, na bando kiasi fulani limetumika, ila haioni umefungua nini. Anayeweza kuona sasa ni mwenye VPN. Ni kumkwepa mjumbe wa nyumba kumi kwa kupitia uani kwa jirani. Mjumbe hakukuona, jirani amekuona. Kwa hiyo swali ni jirani huyo ni nani, na kama hakutozi senti, anakula wapi? Mwaka 2020 VPN kadhaa za bure zenye makao Hong Kong, zote zikijinadi kwamba hazitunzi kumbukumbu za wateja, zilikutwa na kumbukumbu zile zikiwa wazi mtandaoni bila hata nywila. Hata zile za heshima zina kazi zake. Psiphon, ambayo vijana wengi waliikimbilia X ilipofungwa, watengenezaji wake wenyewe wanaeleza kwamba kazi yake ni kukufikisha kwenye tovuti zilizofungwa, na wala hawaahidi kukuficha utambulisho. Watu wanasoma nusu ya kwanza tu.

Ukibaki na VPN, ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya VPN, uchague iwe imewashwa wakati wote na simu ikatae kuunganishwa bila hiyo. Mtandao wa wilayani unayumba. VPN inakatika, kiufunguo kinapotea, na programu zinaendelea kubisha hodi kwa anwani yako halisi bila wewe kujua. Na siku intaneti ikizimwa nchi nzima kama ilivyokuwa Oktoba 29 mwaka 2025, usimlaumu fundi. VPN inahitaji intaneti ipite juu yake. Ikikatwa yote, hakuna cha kuficha wala cha kupitishia.

Tor ni kitu kingine, na ni kizuri. Mizizi yake ni maabara ya utafiti ya Jeshi la Wanamaji la Marekani miaka ya 1990, leo inaendeshwa na shirika lisilo la kibiashara, na kompyuta zinazobeba mzigo ni za watu wanaojitolea duniani kote. Ujumbe wako unapita kwenye vituo vitatu: cha kwanza kinakujua wewe lakini hakijui unakokwenda, cha mwisho kinajua unakokwenda lakini hakikujui wewe. Hakuna jirani mmoja anayejua yote. Ila kuna mambo mawili kijana hakukuambia. Kwanza, kinacholindwa ni kile unachokifungua ndani ya kivinjari cha Tor. Programu ya X iliyoko pembeni kwenye simu hiyohiyo inapita njia yake ya zamani. Pili, Tor inaficha unachofanya, haifichi kwamba unatumia Tor.

Hilo la pili lilimponza mwanafunzi mmoja wa Harvard, Desemba 2013. Hakuwa mtetezi wa haki, alitaka tu kukwepa mtihani, akatuma vitisho vya bomu kwa barua pepe kupitia Tor. Hakuna aliyeivunja Tor. Wachunguzi walitazama kumbukumbu za mtandao wa chuo, wakaona nani alikuwa ameunganishwa na Tor muda ule, wakambishia hodi, akakiri. Na Harvard ni chuo kikubwa. Kwenye waifai ya halmashauri yako, saa saba na nusu mchana, watumiaji wa Tor watakuwa wangapi? Wewe. Tor ina njia za kuingilia zinazoitwa madaraja, mojawapo ni Snowflake, zinazofanya kampuni ya simu isione kirahisi kwamba ni Tor. Ukiamua kuitumia, pitia huko, kwa bando lako, nyumbani, na kamwe isiwe kwenye mtandao wa mwajiri.

Sasa kuhusu simu kuandikishwa. Kama afisa TEHAMA anataka tu ile namba ya kifaa ili waifai ikitambue, hilo ni jambo la kawaida la kiofisi. Akitaka uifungue simu umwachie, au akuwekee programu, hapo ni habari nyingine. Kataa kwa upole: simu ni ya familia, utatumia bando. Watumishi wengi wanatumia bando lao, hutaonekana wa ajabu.

Kitu ambacho hukukigusa kabisa kwenye barua ndicho kinaninyima raha. Akaunti ile ya X uliifungua kwa namba gani ya simu? Kama ni laini yako, basi laini hiyo imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na mlolongo kutoka kwenye jina lako la bandia hadi kidole chako ni mfupi kuliko unavyodhani. Agosti 2022 Twitter, kabla haijaitwa X, ilikiri kwamba kasoro kwenye mfumo wake iliwezesha mtu kuingiza namba ya simu au barua pepe na kuambiwa akaunti inayohusika. Akaunti zaidi ya milioni tano ziliunganishwa na wenyewe namna hiyo, na orodha ikauzwa. Kampuni yenyewe ikawashauri wenye akaunti za majina ya bandia wasiweke namba wala barua pepe inayojulikana na watu. Ushauri mzuri, umechelewa. Wewe ulifungua mwaka huohuo. Ondoa namba leo, weka barua pepe mpya isiyotumika popote kwingine, na uzime kile kipengele kinachoruhusu wenye namba yako wakupate. Ondoa pia ruhusa ya programu kusoma majina kwenye simu yako. Kuondoa hakufuti kilichokwisha kuvuja, kunazuia kinachofuata.

Kuna na hili la kampuni yenyewe kuingiliwa. Abdulrahman al-Sadhan alikuwa mfanyakazi wa shirika la misaada la Hilali Nyekundu mjini Riyadh, mtu wa kawaida mwenye mshahara, na alikuwa na akaunti ya Twitter isiyo na jina lake akifanyia masihara sera za serikali. Machi 2018 akachukuliwa ofisini. Mwaka 2021 mahakama ikampa miaka 20. Familia yake inaamini alijulikana kupitia watu wa Saudi Arabia waliopenyezwa ndani ya Twitter; na kweli, mwaka 2022 mahakama ya San Francisco ilimtia hatiani mfanyakazi wa zamani wa Twitter kwa kuitumikia Saudi Arabia kwa siri, mwenzake alikuwa ameshakimbia. Sisemi serikali yetu ina mtu ndani ya X. Nasema hata ungeweka VPN tatu juu ya Tor, kama jina na namba yako halisi vimelala kwenye kabati la kampuni, mwenye ufunguo wa kabati hahitaji kukufuatilia barabarani.

Kwetu mambo yamekwenda kwa njia ya wazi zaidi. Wenye JamiiForums walipelekwa mahakamani kuanzia Desemba 2016, sehemu ya mashtaka ikiwa ni kutotoa taarifa za wachangiaji wao kwa polisi, na Septemba 2025 leseni yao ikasimamishwa siku 90. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inawapa polisi nguvu ya kudai taarifa kama hizo. Siku ukichagua mahali pa kusemea, chagua penye watu waliowahi kukataa.

Mimi siyo wakili, lakini hayo ya faini mume wako hakuyaokota kijiweni. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020 zinakataza kutumia zana ya kufikia maudhui yaliyozuiwa, na TCRA kwenye tangazo lake la Oktoba 13 mwaka 2023 ilikumbusha adhabu: faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miezi kumi na miwili, au vyote viwili. Tangazo hilo ndilo lililowataka wanaotumia VPN wajitambulishe hadi Oktoba 30, pamoja na kutaja anwani yao ya mtandao. Kwa benki yenye matawi au kampuni inayounganisha ofisi zake, kujisajili kuna maana. Wewe rafiki yako anakwambia ni kinga. Kinga dhidi ya nini? Usajili hauhalalishi ulichoandika, na unaliweka jina lako kwenye orodha ambayo leo halimo. Hapo nafasi ya sheria na nafasi ya usalama wako haziko upande mmoja, na sitakuamulia. Mwone wakili kwanza, ana kwa ana. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu wote wanapokea watu wenye shida kama yako. Na kwa upande wa simu na akaunti, Access Now, shirika la kutetea haki za watu mtandaoni, wana dawati la msaada linalojibu saa 24 bila malipo.

Kwa maoni yangu, VPN siyo inayokuweka kwenye hatari kubwa. Ile Sheria ya Makosa ya Mtandao ina kifungu cha taarifa za uongo, faini isiyopungua milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu, na ukisema gari linaandikiwa mafuta, huenda ukatakiwa kuonyesha ushahidi. Ushahidi huo utauonyesha kwa jina gani?

Kwa hiyo ukiniuliza kama uendelee, nitakwambia suala la mafuta lina mlango mwingine ambao hujaugonga. Tuna Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Inamlinda anayepeleka taarifa kwa mamlaka husika. Anayeposti X haimhusu. TAKUKURU wana namba 113, ila usiwapigie kwa laini yako ukiwa umekaa ofisini, na nikiwa mkweli, watu wanazo sababu zao za kuogopa kwamba taarifa itarudi kwa mkurugenzi kabla ya jua kuzama. Ninaoamini zaidi kwa jambo lako ni wakaguzi. Watu wa CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, wanakuja kila mwaka, ni haki yao kuomba faili, na wewe kama mtu wa manunuzi ni kazi yako kuwapelekea. Mkaguzi akikuta stakabadhi za mafuta na kitabu cha safari za gari kwenye faili moja, na kitabu hakina safari hata moja, hahitaji kuambiwa kitu. Atauliza gari liko wapi. Mtu atalazimika kumpeleka nyuma ya karakana. Hoja ikiingia kwenye ripoti, ripoti inafika bungeni, na kwenye ripoti hakutakuwa na mwandiko wako. Sijui kama hilo litakuridhisha kama zile alama za kupenda unazopata X. Pengine halitakuridhisha. Linafanya kazi.

Mume wako mwambie ana haki ya kuogopa, na hiyo hofu ya wasiojulikana siyo ya kuchekwa. Ila kwenye kufuta, mwende taratibu. Akaunti ikitoweka siku mbili baada ya bosi kusema "tutamjua", umemjibu. Iache ilale. Toka kwenye akaunti, ondoa programu ya X kwenye simu, ondoa picha ya stakabadhi kwenye simu na kwenye Google Photos na kwenye kapu la taka la hukohuko, kisha usiiguse. Baada ya miezi, ukitaka, izime. X huifuta kabisa siku 30 baadaye. Haya yote yafanyike sasa ukiwa mtu huru ambaye hajaitwa popote. Ukishapata wito wa polisi, au ukasikia uchunguzi umeanza, usifute hata herufi. Sheria ileile ya Makosa ya Mtandao inahesabu kuharibu ushahidi kuwa kosa la peke yake. Siku hiyo unamwita wakili na unanyamaza.

Yule mwenzako wa meza usimwulize alimaanisha nini. Utatamani sana. Usimwulize. Na uangalie mwandiko wako: hata kwenye barua hii umeweka nukta tatu tatu mwisho wa sentensi na kuandika "jamani" kila aya (nimeziondoa). Kama ndivyo unavyoandika kwenye kundi la WhatsApp la kitengo na ndivyo unavyoandika X, mwenzako hakuhitaji mtambo.

Mdogo wako wa Muscat mwache kabisa. Oman nayo ina sheria yake ya makosa ya mtandao tangu mwaka 2011. Yuko kwenye nyumba ya watu, waifai ni ya mwajiri, viza ni ya mwajiri, na wakati mwingine hata simu ni ya mwajiri. Kikimkuta kitu, wewe huku hutaweza kumsaidia, na ataulizwa akaunti ni ya nani. Tena mlijadili haya wapi? Kama ni WhatsApp, futeni mazungumzo yale pande zote mbili, muwashe meseji zinazojifuta, na mtazame kama nakala haihifadhiwi Google Drive. Akisisitiza, mwambie shangazi amekataa.